Fomu ile ile, macho tofauti: Kenya ilivyompokea William Ruto

Tarakimu zenyewe za uchaguzi wa urais wa Kenya wa 2022 hazijabadilika tangu siku zilipotangazwa. William Ruto, kura 7,176,141. Raila Odinga, 6,942,930. George Wajackoyah, 61,969. David Mwaure, 31,987. Wafula Chebukati, mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), alizisoma jioni ya Jumatatu, 15 Agosti 2022, katika ukumbi wa Bomas, kituo cha taifa cha kujumlisha kura, jijini Nairobi, siku sita baada ya Wakenya kupiga kura. Kilichobadilika ni mapokezi. Wengi walioapa wakati ule kwamba kura ziliibwa, miaka miwili baadaye walikuwa wakimtetea rais aliyetokana na kura hizo. Na wengi waliocheza barabarani Mlima Kenya, eneo lililompa Ruto kura nyingi, usiku ule, miaka mitatu baadaye walikuwa wakiimba "Wantam", yaani muhula mmoja tu, umalizike aende nyumbani.

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa taratibu kwa sababu ni nadra ushahidi wa uchaguzi kuanikwa wazi kiasi kile barani Afrika. Mtu yeyote mwenye simu na bando aliweza kukagua karatasi za matokeo za kila kituo. Hata hivyo kila upande uliona ulichotaka kuona. Viongozi walipohamisha viti, wafuasi wakahamisha imani, na hakuna karatasi hata moja iliyokuwa imeguswa.

Kura inavyosafiri

Kilio cha "tumeibiwa" hakipimiki kwa asiyejua kura ya urais inapitia wapi. Kituo kimoja cha kupigia kura hakipaswi kuwa na zaidi ya wapiga kura 700, na mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229. Kura huhesabiwa papo hapo, mbele ya mawakala wa wagombea, kisha msimamizi wa kituo hujaza fomu 34A. Mawakala hutia sahihi na kupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa mlangoni. Fomu hupigwa picha kwa kifaa cha kielektroniki kilichotumika asubuhi kutambua wapiga kura kwa alama za vidole, na picha hutumwa moja kwa moja. Karatasi yenyewe huenda kwenye kituo cha eneobunge, ambako 34A zote za eneo hilo hujumlishwa kuwa fomu 34B. Msimamizi wa uchaguzi wa eneobunge huzileta mwenyewe Nairobi, zikakaguliwa, na mwisho wa safari ni fomu moja tu ya taifa zima, 34C.

Ndani ya mlolongo huu kuna msumari mmoja ambao washabiki wengi huusahau. Juni 2017, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa kwenye eneobunge ni ya mwisho, na mwenyekiti wa tume hana mamlaka ya kuyabadilisha akiwa Nairobi. Kazi ya Bomas ni kulinganisha na kujumlisha. Kwa hiyo anayedai wizi ulifanyika Bomas lazima aonyeshe mahali ambapo tarakimu za 34C zinapishana na 34A. Na anayedai wizi ulifanyika kituoni lazima aonyeshe nakala ya wakala inayotofautiana na ile iliyotumwa. Madai mengine yote ni hisia, hata yakitolewa kwa sauti ya uchungu.

Jipya la mwaka 2022 lilikuwa tovuti. Tume iliziweka picha za 34A hadharani kadiri zilivyoingia, na ndani ya siku mbili zaidi ya asilimia 95 zilikuwa zimefika. Katika uchaguzi wa 2017 upinzani ulikuwa umelilia jambo hili hili kwa kaulimbiu ya "fungueni seva".

Anayekagua 34A huanza na jina na nambari ya kituo, idadi ya walioandikishwa, kura halali, kura zilizokataliwa, kura za kila mgombea, sahihi za mawakala na muhuri. Makosa huwepo, kwa kuwa fomu hujazwa na watu waliokesha: jumla iliyokosewa, tarakimu mbili zilizopishana nafasi, picha yenye ukungu, wakala aliyeondoka kabla ya kutia sahihi. Kosa la namna hii halina chama, na likirudiwa katika vituo elfu moja litamsaidia huyu hapa na yule kule. Dalili ya wizi ni makosa yanayoelekea upande mmoja daima. Kipimo hiki hakitumiki sana mitaani, kwa sababu picha moja ya fomu iliyokwaruzwa ina nguvu kuliko jedwali la fomu elfu kumi.

Hesabu nyingi, nchi moja

Tovuti ilipofunguka, vyombo vya habari viliajiri vijana wa kuchapa tarakimu kutoka kwenye picha, na kila chombo kilikuwa na jumla yake kwenye skrini. Kulikuwa na saa ambazo Ruto aliongoza kwenye kituo kimoja cha televisheni huku Raila akiongoza kwenye kingine. Hakuna aliyedanganya. Mmoja alianza na fomu za Bonde la Ufa, ngome ya Ruto, mwingine na za Nyanza, ngome ya Raila, au Nairobi, na kasi ya wachapaji haikulingana. Lakini mtazamaji hakuelezwa vya kutosha kwamba mgombea anayeongoza wakati robo ya fomu imechapwa hajashinda chochote. Siku ya tatu hesabu hizo zilianza kusimama, bila maelezo ya kuridhisha, na ukimya ule ukajazwa na uvumi. Mfuasi aliyelala akiona mtu wake anaongoza na kuamka akaona skrini imezimwa tayari alikuwa na kisa cha wizi kichwani kabla matokeo hayajatangazwa.

Katikati ya wiki hiyo msimamizi wa uchaguzi wa Embakasi Mashariki alitoweka akiwa kazini, na mwili wake ukapatikana Kaunti ya Kajiado. Mwezi uliotangulia, raia wa Venezuela walikamatwa katika uwanja wa ndege wa Nairobi wakiwa na vibandiko vya vifaa vya uchaguzi. Yeyote aliyetaka kushuku alikuwa na vya kushikilia.

Bomas

Sheria inataka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani kaunti 24. Kigezo cha pili hakikuwa na ubishi: Ruto alipata robo katika kaunti 39, Raila katika 34. Utata ulikuwa kwenye nusu. Kura halali zote zilikuwa 14,213,027, nusu yake 7,106,513 na ushee, na Ruto aliipita kwa kura 69,627 hivi. Hilo ndilo pengo lililoamua iwapo nchi inarudi debeni. Watu hunukuu zaidi kura 233,211 alizomzidi Raila, lakini kisheria uzi mwembamba ulikuwa ule wa 69,627. Ukijumlisha hata kura 113,614 zilizokataliwa, bado alivuka nusu, kwa kura zipatazo 12,800.

Kabla Chebukati hajasimama, makamishna wanne kati ya saba, naibu mwenyekiti Juliana Cherera pamoja na Justus Nyang'aya, Francis Wanderi na Irene Masit, waliita wanahabari katika hoteli moja jijini na kusema hawawezi kuyamiliki matokeo kwa sababu hatua ya mwisho ya ujumlishaji haikuwa wazi. Bomas kwenyewe jukwaa lilivamiwa, viti vikarushwa, wageni wakaondolewa. Chebukati alisema makamishna wawili waliobaki naye, Abdi Guliye na Boya Molu, pamoja na afisa mkuu mtendaji Hussein Marjan, walijeruhiwa. Kisha akasoma matokeo.

Mgawanyiko ule ulikuwa zawadi kwa kila upande. Kwa wafuasi wa Azimio la Umoja, muungano wa Raila na mgombea mwenza wake Martha Karua uliokuwa ukiungwa mkono na Rais Uhuru Kenyatta, wanne walikuwa wazalendo waliokataa kutia mkono kwenye uovu. Kwa wafuasi wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, wanne walikuwa vibaraka wa wenye dola, na Chebukati ndiye shujaa. Kampeni nzima ya Ruto ilikuwa imejengwa juu ya mahasla, yaani watu wa kawaida wanaohangaikia riziki, dhidi ya familia zilizozoea kutawala, na vurugu za Bomas zilionekana kuthibitisha kila neno. Baadaye, katika hati ya kiapo, Chebukati alidai kwamba maafisa wakuu wa usalama walimfuata Bomas wakitaka matokeo yabadilishwe au uchaguzi upelekwe duru ya pili. Upande mmoja uliyasoma hayo kama ushahidi usiohitaji kuthibitishwa, na upande mwingine ukayatupa bila kuyafungua.

Zile kura 142,000

Siku iliyofuata, 16 Agosti, Cherera alirudi mbele ya wanahabari na hoja ya hesabu. Asilimia zilizotangazwa, alisema, zinajumlika kuwa 100.01, na ile 0.01 ya ziada ni sawa na kura takriban 142,000. Dai hili lilisambaa nchini kwa saa chache. Linastahili kufunguliwa hatua kwa hatua, kwa sababu linaonyesha jinsi kosa dogo linavyopata mabawa pale linapotakiwa.

Asilimia zilizotangazwa zilikuwa 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23. Jumla yake kweli ni 100.01. Sasa chukua kura zenyewe ugawanye kwa 14,213,027 bila kukadiria. Ruto ana 50.4899, Raila 48.8491, Wajackoyah 0.4360, Mwaure 0.2251. Ukikadiria hadi nafasi mbili za desimali, zote nne zinapanda kidogo, na mipando hiyo ikikusanywa inafika karibu 0.01. Hakuna kura iliyozaliwa hapo. Na hata kama ile 0.01 ingekuwa ya kweli, asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni kura 1,421. Ili kupata 142,000 lazima uchukue asilimia nzima moja. Dai lilikosea mara mia.

Hesabu hii ni ya darasa la saba, na siku hiyo hiyo kulikuwa na watu walioieleza vizuri. Haikusaidia. Mfuasi wa Azimio aliyeisikia alijibu kwamba naibu mwenyekiti wa tume hawezi kukosea hesabu hadharani, kwa hiyo lazima kuna kitu nyuma. Mfuasi wa Kenya Kwanza naye alifurahia kicheko tu, bila haja ya kuelewa desimali. Kila mmoja alikuwa amemwamini msemaji kabla ya kuisikia hoja.

Mitaani

Eldoret, Kericho, Nakuru na miji ya Mlima Kenya ilikesha kwa vuvuzela na honi. Kondele, mjini Kisumu, matairi yaliwaka na polisi wakarusha vitoa machozi, na Kibera na Mathare nako vijana waliingia barabarani. Raila alisema kesho yake kwamba matokeo ni batili, akawaomba wafuasi watulie na kuahidi kufuata sheria. Fujo hazikuenea kama mwaka 2007 na 2008, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Mahakama ilikuwa imeonyesha mwaka 2017 kwamba inaweza kufuta uchaguzi, hivyo upande ulioshindwa ulikuwa na mlango wa kubisha kabla ya kufikiria mawe. Jambo la pili halitajwi sana: safari hii Mlima Kenya na Bonde la Ufa, majirani waliochinjana baada ya uchaguzi wa 2007, walikuwa kikapu kimoja cha kura za Ruto.

Haitoshi kusema Nyanza walikuwa wabishi. Tume ya Jaji Kriegler ilichunguza uchaguzi wa 2007 na kueleza kwamba hesabu ziliharibiwa kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Uchaguzi wa 2017 ulifutwa na mahakama yenyewe. Mtu aliyepitia hayo mawili na akashuku la tatu hana wazimu. Anatumia kumbukumbu. Tatizo ni kumbukumbu hiyo inapochukua nafasi ya karatasi iliyopo mezani. Mombasa, ngome nyingine ya Raila, waliojitokeza hawakufika hata nusu ya walioandikishwa. Kura ambayo haikupigwa haihitaji mwizi, ila jambo hili lilizungumzwa kidogo mno na viongozi wa Azimio, kwa kuwa linawagusa wao.

Mahakamani

Kalenda ya Katiba ni ya haraka: siku saba za kufungua kesi, siku 14 za kuamua. Raila aliwasilisha kesi 22 Agosti. Mahakama ya Upeo chini ya Jaji Mkuu Martha Koome iliweka maswali tisa mezani, ikaruhusu uchunguzi wa seva na masanduku ya kura ya vituo 15 chini ya msajili wa mahakama, na 5 Septemba majaji wote saba wakakubaliana kwamba Ruto alichaguliwa kihalali. Fomu zilizoambatishwa kuonyesha kwamba tarakimu zilibadilishwa njiani hazikulingana na nakala halisi. Makamishna wanne walikuwa wameshiriki ukaguzi karibu hadi dakika ya mwisho na hawakuleta hati ya kuonyesha kilichoharibika. Mahakama ilikataa kufuta kura za mamilioni ya watu kwa sababu wenye tume wamegombana chumbani, ingawa ilieleza wazi kwamba tume ina ugonjwa unaohitaji tiba.

Raila alisema anaheshimu maoni ya mahakama lakini hakubaliani nayo hata kidogo. Uhuru alihutubia taifa jioni hiyo, akaahidi kukabidhi madaraka kwa utulivu, wala hakutaja jina la mrithi wake.

Pima sasa maneno ya washabiki wa 2022 dhidi ya yale ya 2017. Septemba 2017, Jaji Mkuu David Maraga na wenzake walipofuta ushindi wa Uhuru na Ruto, upande wa Uhuru na Ruto uliwashambulia majaji, na Uhuru akawaita wakora, huku wafuasi wa Raila wakimwimbia Maraga kama mkombozi. Miaka mitano baadaye wimbo uligeuzwa: waliowatukana majaji sasa walikuwa wakinukuu ibara za hukumu, na walioiimbia mahakama sasa waliiona imenunuliwa. Chebukati alikuwa mwenyekiti mara zote mbili. Mwaka 2017 upinzani ulitaka aondoke na Jubilee, chama cha Uhuru na Ruto wakati huo, ikamlinda. Mwaka 2022 Ruto alimlinda na Jubilee ya Uhuru, ndani ya Azimio, ikamkana. Refa alikuwa yule yule na filimbi ile ile. Hakuna kipimo kizuri cha ushabiki kuliko hiki, na mtu mkweli anaweza kujipima nacho mwenyewe: ulisema nini kuhusu Chebukati Septemba 2017?

Siku za kwanza ofisini

Ruto aliapishwa katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, Jumanne, 13 Septemba. Siku hiyo alitangaza mbolea ishuke kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50, akaahidi kuteua majaji sita ambao Uhuru alikataa kuwateua, na akasema huduma za kutoa mizigo zinarudi bandari ya Mombasa. Kesho yake bei ya petroli Nairobi ilipanda kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30 kwa lita, baada ya ruzuku kupunguzwa.

Mkulima wa Uasin Gishu na mwendesha bodaboda wa Kisumu walipata habari zile zile. Wa kwanza alizungumzia mbolea, wa pili petroli. Kenya Kwanza walieleza kwamba hazina imeachwa tupu na serikali iliyotangulia, na wafuasi wakavumilia maumivu ambayo Aprili ya mwaka huo huo, foleni za mafuta zilipozidi, waliyaita uonevu wa Uhuru. Azimio nao walilalamikia bei ambazo miezi mitano kabla walizieleza kwa vita vya Ukraine. Sababu za kiuchumi zilikuwa halisi kwa pande zote mbili. Ila kila upande ulikuwa ukizikumbuka kwa zamu.

Wanasiasa hawakungoja hata kiapo. Vyama vidogo vilivyochaguliwa chini ya Azimio vilihamia Kenya Kwanza, chama cha UDM cha kaskazini kikiwa mstari wa mbele, na Oktoba 2022 Spika Moses Wetang'ula akatoa uamuzi kwamba Kenya Kwanza ndio wengi bungeni kwa wabunge 179 dhidi ya 157. Mahakama Kuu iliutengua uamuzi huo Februari 2025, wakati kazi kubwa ya bunge ilikuwa imekwisha kufanyika. Mantiki ya kuhama ni rahisi. Mbunge wa Kenya hupimwa kwa barabara na karo anazoleta, na huamini kwamba mlango wa wizara hufunguka kwa urahisi zaidi ukiwa upande wa rais. Rigathi Gachagua, mwenyeji wa Mlima Kenya aliyekuwa Naibu Rais, alilisema waziwazi mwaka 2023: serikali ni kampuni yenye hisa, na waliowekeza zaidi wavune kwanza. Alilaumiwa, lakini alikuwa ametamka kwa sauti kile ambacho wafuasi wa pande zote hukiamini kimyakimya. Kama serikali ni hisa, basi kushindwa uchaguzi ni kufukuzwa kwenye kampuni, na hakuna anayefukuzwa kazi akashangilia.

Dai la milioni 8.1

Januari 2023, Azimio ilileta takwimu ilizodai zimetoka kwa mtu wa ndani ya tume: Raila milioni 8.1, Ruto milioni 5.9. Chukua vituo 46,229. Ili Raila apande kutoka milioni 6.94 hadi 8.1, inabidi wizi umpunguzie takriban kura 25 katika kila kituo nchini, bila kuruka hata kimoja, wakati wastani wa waliopiga kura kituoni ulikuwa kama 310. Na hayo yafanyike mbele ya mawakala wake, ambao nakala zao za 34A zisionyeshe tofauti. Azimio ilikuwa na nakala hizo tangu usiku wa 9 Agosti. Miezi mitano baadaye haikuzianika zikiwa zimepangwa kituo kwa kituo dhidi ya za tovuti, jambo ambalo lingemaliza mjadala kwa wiki moja.

Hata hivyo dai lile lilileta watu barabarani. Maandamano yalianza 20 Machi 2023 na kurudiwa wiki baada ya wiki, yakichanganya madai matatu: seva zifunguliwe, uteuzi wa makamishna wapya usimamishwe, na bei ya unga ishuke. La unga ndilo lililowagusa wengi. Watu waliuawa kwa risasi katika maandamano hayo, na damu yao haipunguzwi uzito na ubovu wa zile takwimu. Mtu anaweza kuwa amekosea kuhusu matokeo na akawa na haki kamili kuhusu unga na kuhusu kutopigwa risasi. Washabiki wa serikali walishindwa kutenganisha mambo haya, na kila mwandamanaji akawa "mtu wa Azimio aliyeshindwa kukubali".

Ramani inapogeuka

Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wakisema hawana chama, hawana kabila, hawana kiongozi. Wengi wao walitoka miji iliyompa Ruto kura: Nyeri, Nakuru, hata Eldoret. Tarehe 25 Juni waliingia bungeni na polisi wakaua. Kwa majuma machache ramani ya 2022 ilifutika, kwa kuwa swali halikuwa nani alimpigia nani, bali kodi ya mkate na mafuta ya kupikia. Ruto alikataa kutia sahihi mswada huo, akavunja baraza la mawaziri.

Kisha wanasiasa wakaichora ramani upya. Julai 2024 John Mbadi, Hassan Joho, Wycliffe Oparanya na Opiyo Wandayi, vigogo wa ODM, chama cha Raila, waliteuliwa mawaziri. Mwezi uliofuata rais alizuru Nyanza na kupokewa kwa umati uliokuwa ukimwimbia. Oktoba wabunge 281, wengi wa ODM wakiwemo, walipiga kura ya kumng'oa Gachagua, na ile hotuba ya hisa ilikuwa miongoni mwa mashtaka. Seneti ikamaliza kazi tarehe 17. Tarehe 7 Machi 2025 Ruto na Raila walitia sahihi mkataba wa ushirikiano katika jumba la mikutano la KICC, Nairobi, jengo lile lile ambalo Raila alisimama 16 Agosti 2022 kuyaita matokeo batili.

Tangu hapo Mlima Kenya ndio wanaolalamika kwamba kura zao zimetumika na wao wakatupwa, na baadhi yao sasa wanasikika wakisema mambo kuhusu 2022 ambayo zamani yalisemwa Kisumu. Kisumu nako ukilalamikia ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 utaambiwa umpe rais muda afanye kazi. Mshahara unaokatwa ushuru huo ni ule ule pande zote za nchi.

Gharama ya ushabiki huu inaonekana vizuri zaidi kwenye tume. Muhula wa Chebukati na makamishna wawili waliobaki naye uliisha Januari 2023. Watatu wa wale wanne walikuwa wamejiuzulu, na Masit akaondolewa kupitia jopo la uchunguzi. Kwa kuwa kila upande ulitaka mkono wake katika kuteua refa mpya, sheria ya jopo la uteuzi ilisubiri mazungumzo ya Kalonzo Musyoka wa Azimio na Kimani Ichung'wah wa Kenya Kwanza, ikatiwa sahihi Julai 2024, kisha ikakwama tena kwa mvutano na kesi. Kenya ilikaa bila mwenyekiti wa tume ya uchaguzi hadi Julai 2025, Erastus Ethekon na makamishna wake walipoapishwa. Katika kipindi hicho maeneobunge yaliyopoteza wabunge, Banissa likiwa mojawapo, yalikaa bila mwakilishi hadi chaguzi ndogo za 27 Novemba 2025. Raila hakuziona, alifariki 15 Oktoba. Uchaguzi mkuu ujao ni 10 Agosti 2027, na vyama bado havijaweka wazi nani atasimama wakala upande wa nani katika vituo vya Kondele, Kisumu, na Karatina, Mlima Kenya.